Umelala Kericho ama Bomet na Tumbo Inalia? Hivi Ndivyo Unapata Msosi wa Maana Bila Kumalizwa Doh

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilimsindikiza anko wangu kutoka Nakuru mpaka Hospitali ya Tenwek, kule Bomet. Alikuwa aonwe na daktari wa moyo, na tukaambiwa tujipange na siku tano hivi juu ya vipimo. Familia ikachanga. Kwa hiyo mchango, pesa ya msosi ilikuwa thao tano. Piga hesabu: watu wawili, siku tano, ni soo tano kwa kila mtu kwa siku. Si mbaya, lakini pia si ya kuchezea.

Tulitoka Nakuru tumechelewa, mvua ikatushika njiani, tukaamua kulala Kericho. Mimi kama kijana wa mtandao nikatoa simu, nikaandika "hoteli karibu na mimi". Ikanipa place ina nyota nne na nusu na ushee, picha kali, taa za njano, kila kitu. Tukaenda. Kuku na wali, soo nane na hamsini kwa sahani. Chai mbili, soo mbili. Jumla thao moja na soo tisa. Anko aliguza ile kuku na uma mara moja tu, akanitazama, akasema, "Kijana, hii kuku imekufa mara mbili." Hakula. Mimi nikakula zote mbili juu nilikuwa nimelipa.

Asubuhi ndani ya mathree ya kwenda Bomet, kati ya Litein na Kapkatet, nilielewa vizuri sana maana ya kufa mara mbili. Sitasema mengi. Konkodi alisimamisha gari mara mbili, na abiria walikuwa wapole kuliko nilivyostahili.

Kwa hivyo nilifika Bomet na tumbo imeharibika, thao tatu na soo moja mfukoni, siku nne mbele, na mgonjwa ambaye hajakula tangu Nakuru. Hapo ndipo nilianza kujifunza. Hii story ni ya kila msee anaenda kulala mji asioujua, iwe ni semina, iwe ni harusi, iwe ni mgonjwa. Lakini hasa ni ya hizi sides za majani chai, juu huku mambo iko tofauti kidogo.

Kwanza, simu haijui "hoteli" ni nini

Hapa Kenya, ukisema unaenda hotelini, watu wengi wanajua unaenda kula. Pa kulala ni lojingi, ama gesti. Ile nyumba ndogo ya mabati yenye madondo na chapo, imeandikwa "Hotel" na rangi nyekundu juu ya mlango, na haina hata kitanda kimoja. Sisi tunaelewa. Simu haielewi. Ukiiuliza hoteli, inakuletea vitanda. Zile nyota nne na ushee unazoona, nyingi walizipea shuka safi, maji moto na parking. Kuku hakuna mtu alimfikiria.

Siku hizi nikitafuta, naandika jina la chakula chenyewe: ugali, samaki, nyama choma, pilau. Halafu naenda kwa maoni mapya kabisa, si yale ya juu. Place inaweza kuwa ilikuwa fiti miaka minne iliyopita, mpishi akahama na ladha yake, nyota zikabaki. Alafu naangalia picha zilizopigwa na wateja, si za mwenye biashara. Picha ya mteja ina meza yenye alama za maji, sahani imeliwa nusu, na mwangaza mbaya. Hiyo ndiyo ukweli.

Lakini hata ukifanya hivyo vyote, kuna kitu simu haitakuonyesha. Karani wa kaunti anayekula kwa kibanda kimoja kila siku ya kazi hajawahi kuandika maoni mtandaoni, na hataandika. Anayeandika ni mpita njia aliyekula mara moja. Unasoma mawazo ya wageni wenzako tu.

Na usiamini ile "mita mia tisa kwa miguu". Kericho mji umezungukwa na mashamba ya chai, na ramani inapenda kukukatia njia katikati. Hayo mashamba ni mali ya watu, vijia vyake havina taa, na usiku ni giza la ukweli. Lojingi na hoteli kubwa ziko pia nje ya mji, kando ya barabara ya Nakuru. Tea Hotel yenyewe, ile ya kihistoria ambayo Brooke Bond waliijenga miaka ya 1950, iko upande huo. Ukilala kule, kila mlo wa nje ni nauli ya nduthi kwenda na kurudi. Ongeza hiyo kwa bei ya chakula kabla useme umepata cha bei rahisi.

Swali ni moja, na si kwa risepsheni

Ukiuliza risepsheni mahali pa kula, atakuonyesha mlango wa dining yao. Simlaumu, ameajiriwa. Uliza askari wa geti, ama mama anayesafisha vyumba. Lakini pia usiwaulize "wapi kuna chakula kizuri?" Wataangalia viatu vyako, waone ni mgeni wa Nairobi, wakutume kwa place ya bei ambayo wao wenyewe hawajawahi kuingia. Ni heshima tu, wanadhani ndiyo unataka.

Uliza hivi: "Wewe jana mchana ulikula wapi, na ulilipa ngapi?"

Hilo swali haliwezi kujibiwa kwa adabu tupu. Kule Bomet, askari wa lojingi yetu, mzee fulani wa koti refu, nilimsalimia kwanza na "Chamge", akacheka vile nimeitamka, akanijibu, halafu nikamtupia hilo swali. Akanielekeza nyuma ya steji, mlango wa kijani, kwa mama fulani. Hakuna bango. Hakuna jina. Kuna moshi na watu.

Na sisi wajuaji tujifunze adabu kidogo. Usiingie kwa mama wa watu ukiita "weita!" Mama ni mama, mzee ni mzee, na bibi mzee kabisa ukimuita kogo utaona uso unafunguka. Ukimaliza, "kongoi". Maneno matatu tu. Mimi nakuambia, kipande cha nyama kiliongezeka siku ya pili na si juu ya sura yangu.

Sasa msosi. Wakipsigis wanaita ugali kimyet, na ukibahatika utapata wa wimbi uliochanganywa na mahindi, mweusi-mweusi, unashika tumbo mpaka jioni. Mboga ni isagek, ile saga chungu kidogo, na wakiipika na maziwa ule uchungu unalala. Pembeni waombe mursik. Kama hujawahi: ni maziwa yaliyogandishwa kwa kibuyu ambacho ndani kimesuguliwa na mkaa wa mti unaitwa senetwet, ndiyo maana ina rangi ya majivu na harufu ya moshi. Umewahi kuona wanariadha wetu wakinyweshwa kutoka kibuyu hapo airport wakirudi na medali. Ndiyo hiyo. Anza na glasi moja, hasa kama tumbo yako ilikuwa na historia kama yangu. Mimi nilingoja mpaka siku ya tatu.

Mimi na nyama kidogo, soo moja na nusu. Anko bila nyama, soo.

Na hapa ndipo niligundua kitu sikuwa nimefikiria. Anko alikuwa ameambiwa apunguze chumvi na mafuta. Kwa dining kubwa, ukimwambia weita hivyo, anaandika kwa karatasi, anaingia jikoni, na chakula kinatoka vilevile, juu mchuzi ulipikwa asubuhi kwa sufuria moja ya wote. Kwa mama wa mlango wa kijani nilisema, "Mama, huyu mzee ana shida ya moyo, chumvi asiwekewe nyingi." Akatoa mboga yake kando kabla hajaweka chumvi. Kesho yake, kabla hata tukae, akasema ya mzee iko tayari. Hakuna app ina hiyo.

Usafi je? Swali poa, hasa likitoka kwa watu waliosimamisha mathree mara mbili. Angalia maji ya kunawa: ni ya kutiririka ama ni beseni moja ya mji mzima? Angalia anayeshika pesa, kama ndiye anashika chapo na mkono huohuo. Kisheria wapishi wanafaa kuwa na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita, na wengi wanakibandika ukutani, kwa hivyo tupa jicho kwa tarehe. Halafu angalia kama chakula kinatoa mvuke ukipakuliwa. Ile kuku yangu ya soo nane haikuwa na mvuke. Ilikuwa na maua ya dania.

Saa ndiyo kila kitu

Hii ndiyo wageni wengi hukosa. Huku kwa majani chai, chakula kizuri kina saa zake, na saa zenyewe zinafuata mvua na kazi.

Kericho mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mvua ya mchana ni kama jirani, inakuja bila kubisha. Upepo wa kutoka Ziwa Victoria unapanda milima ya Mau, na ikifika saa tisa hivi unasikia mabati yanapigwa. Wakati mwingine ni mvua ya mawe. Ukisema utazunguka mji jioni ukitafuta pa kula, utazunguka ukiwa umeloa.

Mama wa kibanda anaanza kupika asubuhi, na kufikia saa sita chakula kiko tayari. Saa saba ofisi zinafunguka, makarani, mafundi na watu wa benki wanamwagika wote pamoja. Kwa hivyo ingia saa sita na robo: kila kitu kiko, kiko moto, na mama ana dakika moja ya kukusikiza. Ukiingia saa tisa unakula ile ya chini ya sufuria, imekauka, na mboga imeisha. Sisi tulifanya mchana kuwa mlo mkubwa wa siku. Jioni tulinunua parachichi, ndizi na maziwa kabla ya mvua, tukala ndani ya chumba. Ukipita wakati wa nanasi, ulizia ya Roret, ile sehemu ya Bureti upande wa Kericho. Nanasi moja tamu ilitutosha wawili.

Vibanda vingi vya steji hufunga mapema. Usiku zinazobaki wazi ni chips na choma. Chips sina la kusema, ni chips.

Choma nayo ina sheria zake, na hapa lazima nikae kidogo juu wageni wanachomwa wao badala ya nyama. Ingia place yenye buchari mbele na jiko nyuma. Angalia nyama iliyoning'inia: nyama iliyopimwa na mkaguzi ina muhuri wa rangi juu ya ngozi ya mafuta. Kama huoni muhuri popote, uliza. Kama unapewa story ndefu, toka. Chagua kipande mwenyewe, kipimwe ukiona, na uambiwe bei ya kilo kabla kisu hakijashuka. Uliza pia kama ugali na kachumbari viko ndani ya hiyo bei ama ni kando, juu ndipo wengi wanashikwa. Halafu ketini, mbuzi anataka kama saa moja. Akiletwa kwa dakika kumi na tano, huyo si wako, ni wa mtu mwingine wa mapema. Tulifanya usiku mmoja tu, nusu kilo, na anko alikula vipande viwili vidogo vya kuonja akasema nisimwambie mkewe. Samahani anti.

Jambo lingine: bonasi. Wakulima wadogo wa chai wanaouza kwa viwanda vya KTDA, kama Mogogosiek, Kapkoros, Litein na Momul, wanalipwa kidogo kila mwezi, halafu ile kubwa ya mwaka inaingia kama mwezi wa kumi. Ikiingia, mji unabadilika. Buchari zinajaa, viti vinaisha, lojingi zinajaa, na huyo mbuzi wa nusu kilo si wa bei ya juzi. Kama safari yako inaweza kungoja, ngoja. Kama haiwezi, kula mapema. Na mwaka ambao bonasi imekuwa mbaya utaijua bila kusoma gazeti, viti vya choma ndivyo vitakuambia.

Kwa hoteli kubwa, ukilazimika, uliza kitu kimoja kabla uketi: bei za menyu zimejumlisha kodi? VAT ni asilimia 16, na kuna ile ya utalii ya asilimia 2. Place zingine zimeweka ndani, zingine zinakuwekea mwisho wa risiti. Na ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla uweke PIN. Kama hoteli inaitwa kitu moja na jina ni la mtu binafsi, uliza kwanza.

Chai yenyewe

Hii iliniuma kidogo. Uko Kericho. Kijani mpaka mwisho wa macho. Kuna mpaka kituo kinaitwa Brooke, jina limetoka kwa Brooke Bond wenyewe. Halafu hoteli inakuletea kikombe cha maji vuguvugu na kifuko cha karatasi chenye uzi. Soo moja. Anko, ambaye enzi zake alikuwa dere wa lori, alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia chai nzuri ya huku inashuka Mombasa kuuzwa kwa mnada na kupanda meli, sisi tunabaki na uzi.

Si kweli kabisa. Ukitaka chai ya huku, nenda mahali ina birika ama sufuria juu ya moto, useme unataka ya kuchemshwa na maziwa. Asubuhi mapema karibu na steji, ama kule mashambani karibu na vituo vya kupima majani, ambapo wachumaji wanapata mandazi na kikombe kabla ya lori kuja. Rangi yake ni kama tofali. Tulilipa thate kwa kikombe na hatukuiba sukari.

Na pale kwa Gurudwara

Siku ya kurudi tulipitia Kericho tena. Nilikuwa na soo tano na kitu, nauli kando. Nikamwambia anko tununue mandazi tusonge. Akasema hapana, kuna mahali anataka kunionyesha, alipitia hapo zamani akiwa kwa lori.

Pale mjini kuna Gurudwara kubwa la Masingasinga, jeupe, limejengwa kwa heshima ya Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi hapohapo Kericho kabla ya kuhamia Uingereza. Kama Gurudwara zote duniani, lina langar, yaani jiko la bure. Mtu yeyote, dini yoyote, kabila lolote, anaketi chini kwa mstari mmoja na wengine na anapewa chakula. Ni mboga tupu, hakuna nyama: dengu, chapati, wali, kulingana na siku.

Sasa sikiza, juu najua watu wangu. Hapo si restaurant. Usiende na mbogi ya watu kumi kupiga picha za TikTok. Unavua viatu, unanawa, unafunika kichwa, kitambaa kipo kama huna. Sigara na pombe hata kwa mfuko usiingie nazo. Unachukua kile utamaliza, juu kubakisha ni matusi. Ukitaka kutoa kitu, toa, hakuna mtu atakuuliza. Ukitaka kusaidia kuosha vyombo, hiyo pia ni sehemu ya ibada yao.

Tuliketi kwa mkeka, mimi na anko, kitambaa kichwani, katikati ya dere mmoja wa lori na bibi mmoja na mjukuu wake. Dengu ilikuwa moto, inatoa mvuke. Anko alimaliza sahani yake yote, mara ya kwanza tangu Nakuru kumuona akimaliza kitu bila kuambiwa. Halafu akaenda kuosha vyombo na kunikataza nisimsaidie.

Tulifika Nakuru nikiwa na soo nne na ushee. Anko anafaa kurudi Tenwek kwa ukaguzi, na safari hii amesema ataenda na mwanawe. Lakini wiki jana alinipigia simu asubuhi, si kuuliza hali yangu. Alitaka namba ya mama wa mlango wa kijani, amwambie mapema siku watafika, na kwamba ile ya mzee chumvi bado ni kidogo.